Fundi wa Kutoa Nyongo

Katika Somanda nzima, na nadiriki kusema katika Bariadi nzima, hapakuwa na mtu aliyeweza kutoa nyongo ya ng'ombe kama Boniventura. Kuchinja kulikuwa na mwenyewe, mzee mmoja Mwislamu aliyekuja machinjioni alfajiri, akasema bismillahi, akakata, akaenda zake. Lakini kuchuna, kufungua tumbo na kutoa vilivyomo bila kuharibu hata kimoja, hiyo ilikuwa kazi ya Boniventura, naye alihakikisha sote tunalijua hilo.

Nyongo, kwa asiyewahi kuiona, ni kifuko cha kijani kilichojibana chini ya ini, kimejaa maji machungu. Ukikitoboa kwa bahati mbaya, maji yale yakamwagikia ini na nyama, utaosha mpaka kisima kikauke na uchungu hautoki. Boniventura alikibana shingoni kwa vidole viwili, akapitisha kisu, kikatoka kizima pamoja na kipande chembamba cha ini, akakitupa pembeni bila hata kukitazama. Alisema amekwisha kutoa nyongo elfu saba na hajapasua hata moja. Nani alihesabu? Yeye mwenyewe.

Mimi nilikuwa na meza ya mitumba mkabala na bucha lake, kwa hiyo nilimsikiliza kutwa, nitake nisitake. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, sisi tukiwa bado mkoa wa Shinyanga na Simiyu ikiwa jina la mto tu. Soko huria lilikuwa limeingia. Pamba haikuwa tena ya ushirika peke yake. Wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani yao, na mkulima aliyelipwa papo hapo alipita buchani kabla ya kufika kwake. Kila kitu kiliruhusiwa kuuzwa. Mimi niliuza makoti mazito ya Wazungu katika mji ambao jua lake hupasua ardhi, na yakanunuliwa. Sokoni alikuwapo bwana mmoja mwenye kipaza sauti aliyeuza chupa moja ya dawa ya vidonda vya tumbo, mgongo na nuksi, na yeye pia hakukosa wateja.

Boniventura alikuwa na miaka hamsini na miwili wakati huo, na kitambi alichokiita tangazo la biashara. Mkewe, Nyanjige, alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, na hata Kisukuma chake alikitumia kwa kubana matumizi, kwa sababu ndani ya nyumba ile maneno yote yalikuwa yameshachukuliwa na mumewe. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Method, kwa hiyo sote tulimwita Boniventura Baba Method tulipotaka kumheshimu, na Boni tulipotaka nyama ya mkopo.

Maumivu yalianza msimu wa kupanda. Kila jioni baada ya kufunga bucha, Boniventura alijichomea kipande cha nundu, ile sehemu ya mgongoni mwa ng'ombe ambayo karibu yote ni mafuta, akala kwa chumvi na pilipili. Saa moja au mbili baadaye kitu kilimbana chini ya mbavu za kulia, kikazunguka mgongoni, kikapanda mpaka kwenye bega. Alitoka jasho, akatapika, akazunguka ua akiwa amejikunja. Asubuhi alikuwa mzima tena, anatamba.

Bariadi haina uhaba wa madaktari wasiosomea. Jirani mmoja alisema ni nzoka, yaani mchango, unatembea tumboni. Bwana wa kipaza sauti alimuuzia chupa mbili. Mimi nami nilitoa ushauri wangu, na naona aibu kuuandika, kwa sababu ulikuwa wa kipumbavu kuliko yote. Nilimwambia, "Hivyo ni vidonda vya tumbo, Baba Method. Kunywa maziwa, yanapoza."

Basi Boniventura hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Alianza kunywa lita nzima ya maziwa kila jioni, maziwa ya ng'ombe wetu, yenye utando wa mafuta juu, na Nyanjige ndiye aliyemletea. Aliyanywa baada ya nundu. Alipozidi kuumwa, aliongeza kikombe.

Nyanjige peke yake hakuwa na ushauri wa chakula wala wa dawa. Alikuwa na maneno mawili tu, aliyoyasema kila baada ya shambulio, kwa sauti ileile.

"Twende spitali."

"Nikamwambie nini daktari?" Boniventura alimjibu. "Matumbo nayajua kuliko yeye."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimtania hivyo mara nyingi, naye alicheka, nami nilicheka. Sikujua ninachotania.

Pamba ilipoiva akaja mnunuzi mmoja kijana, Constantine, mwenye pikapu jeupe na kituo chake cha kununulia nyuma ya soko. Mwisho wa msimu akatoa dume la ng'ombe ili wakulima wake wale nyama. Boniventura akaitwa kulipasua pale pale kituoni, mbele ya watu wote, na nani angemnyima nafasi hiyo? Jana yake alikuwa amejichomea vipande viwili vya nundu kujiandaa. Asubuhi ile nilimwona amevaa shati safi, uso una jasho, lakini mdomo unafanya kazi kama kawaida.

Alichuna vizuri. Alifungua tumbo vizuri. Akaingiza mkono chini ya ini, akaibana nyongo kwa vidole vyake viwili maarufu, akawa anawaeleza watoto wa shule jinsi inavyofanywa. Hapo ndipo kitu kilipombana mbavuni. Alijikunja, mkono ukaruka, na nyongo ikapasuka.

Maji ya kijani yaliteremka juu ya ini lote, ini lililokuwa la Constantine, mwenye shughuli. Watu wakatazamana kana kwamba mtu ametukana kanisani. Kisha mzee mmoja akasema polepole, "Boni, nyongo hiyo," kama vile Boni hakuiona.

Boniventura akaketi juu ya gogo, akatapika kati ya miguu yake. Nilipomsogelea niliona ana homa, na weupe wa macho yake umeingia unjano. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikadhani ni maumivu.

"Mama Deo," akaniambia, "mkono wangu umeingiwa na ugonjwa. Umewahi kuuona ukifanya hivi? Lazima nikautibu mkono."

Miezi yote aliyojikunja uani hakwenda. Nyongo moja ya ng'ombe ilipopasuka, akataka daktari! Nilifungua kinywa nimwambie hivyo, lakini Nyanjige, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alinikanyaga mguu. Alimshika mumewe bega, akasema kwa upole kabisa, "Eeh, mkono. Twende spitali tukautibu mkono."

Mimi nimeishi na watu wenye vyeti, lakini akili kama ile sijaiona tena.

Constantine hakuwa na kinyongo kuhusu ini lake. Alikuwa anaelekea ziwani siku hiyohiyo, akatupakia kwenye pikapu mpaka hospitali moja ya misheni mbele ya Lamadi. Boniventura alilazwa nyuma juu ya magunia matupu ya pamba. Mimi nilikwenda kwa sababu Nyanjige alinishika kitenge akakataa kukiachia. Alitaka Kiswahili changu. Meza yangu nilimwachia dada yangu, aliyeuza makoti mawili kwa bei ya moja, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, kijana, jina lake Klementina. Boniventura aliitazama mikono yake, kisha akaniinamia sikioni. "Mikono hiyo hata kuku hainyonyoi."

"Shikamoo, mzee," alisema daktari. "Unaumwa nini?"

"Marahaba. Mkono." Akaunyoosha.

Daktari aliupokea, akaugeuza, akahesabu mapigo kwenye kifundo, akausikia ulivyo wa moto. Akamtazama macho. Akalitazama shati, ambalo halikuwa safi tena.

"Mkono huu ulianza kutapika lini?"

Hapo Nyanjige akafunguka. Alisema Kisukuma mfululizo bila kupumua, na mimi nikawa natafsiri huku nikimkimbiza: nundu, saa mbili baadaye, mbavu za kulia, bega, kutapika, homa ya siku tatu hizi, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Kumbe mambo yote hayo alikuwa ameyaweka, moja juu ya moja, akimsubiri mtu wa kuyauliza.

"Maumivu yanakuja ukiwa na njaa au ukishashiba?" daktari alimuuliza mgonjwa.

"Nikishashiba."

"Na ukila ugali kwa mchicha?"

"Sijawahi kula ugali kwa mchicha," alisema Boniventura, na hakuwa anatania.

Daktari alimlaza chali. Akaweka vidole chini ya mbavu za kushoto, akamwambia avute pumzi ndefu, akaivuta yote. Akahamia kulia, akabonyeza taratibu. "Vuta tena." Pumzi ilifika katikati ikakatika, na Boniventura akaushika mkono wa daktari asiendelee.

"Kazi yako nini, mzee?"

"Nina bucha."

"Vizuri, basi nisaidie. Hapa niliposhika pana nini?"

"Ini."

"Na chini ya ini?"

Boniventura alifungua kinywa, kikabaki wazi. Kinyozi hajinyoi, nilijua, lakini hata hajui kama ana nywele?

"Nyongo," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo sana.

Wakamtoa damu. Wakamwingiza chumba chenye mashine ya picha, wakampaka tumboni kitu cha baridi kama ute wa bamia. Daktari alituruhusu tuangalie. Katika kile kioo kulikuwa na mfuko mweusi, ukuta wake umevimba, na ndani yake mawe madogo yanameremeta, kila moja limeacha kivuli nyuma yake.

"Ng'ombe wazee huwa nayo," alisema Boniventura.

Daktari akatueleza, na alieleza kwa subira. Ini hutengeneza nyongo, na kifuko kile huitunza. Mafuta yakifika tumboni, kifuko hujikamua ili nyongo iende kusaidia kuyayeyusha. Lakini kijiwe kikiziba mlango, kifuko hukamua bure, kinavimba, vijidudu vinaingia, homa inapanda. Vidonda vya tumbo ni jambo jingine. Kila nundu aliyokula ilikuwa inakiamuru kifuko kijikamue juu ya mlango uliofungwa.

"Na maziwa?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Maziwa yenye mafuta? Hivyohivyo."

Nikatazama sakafu. Nyanjige alikuwa ameelewa neno maziwa bila tafsiri yangu.

Walimlaza. Hakupewa chakula, hata uji. Aliwekewa dripu, akachomwa sindano za kuua vijidudu na za kutuliza maumivu. Mtu aliyekuwa akiishi kwa nundu alishinda siku mbili akitazama chupa ya maji ikidondoka, na aliwahesabia wauguzi matone kwa makosa ili wamsogelee waongee naye. Siku ya tatu asubuhi daktari akaja, akambonyeza, na uso wake haukunipendeza.

"Mzee, homa haijashuka kama nilivyotaka. Kifuko hiki kinaharibika. Nataka kukitoa leo."

"Hapana."

"Kikipasukia tumboni, usaha na nyongo vitasambaa. Hapo siwezi kukuhakikishia uhai."

"Dokta," alisema Boniventura, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mbwembwe, "nimetoa nyongo elfu saba. Kila niliyemtoa nyongo alikuwa amekwisha kufa."

Leo naweza kucheka. Siku ile hakuna aliyecheka, na Nyanjige aligeukia ukutani. Alikuwa na watoto saba, wa mwisho bado ananyonya, na mume anayesema hapana.

Daktari hakumfokea. Alivuta kiti, akaketi.

"Unaogopa itapasukia mkononi mwangu."

"Mimi mwenyewe iliniponyoka. Mkono wangu huu."

"Basi niulize. Ungekuwa unanifundisha kazi, ungeniuliza nini?"

Boniventura alijiinua kidogo kwenye mto. Nilimwona akirudi kuwa mtu wa bucha.

"Unaanzia wapi?"

"Nakata hapa, chini ya mbavu. Nalinyanyua ini taratibu, naitafuta shingo ya nyongo. Pale pana mrija wake, na pana mshipa wa damu."

"Halafu unakata."

"Halafu nafunga. Mrija naufunga kwa uzi, mshipa naufunga kwa uzi, ndipo nakata. Nikishafunga, naibandua nyongo kwenye ini kidogo kidogo."

"Hukati na kipande cha ini?"

"Ini ni lako, mzee. Utalihitaji."

Boniventura aliipima kazi ile kichwani. Vidole vyake viwili vilikuwa vinasogea juu ya shuka.

"Unafunga kwanza," alisema.

"Nafunga kwanza."

"Mimi sikuwahi kufunga."

"Ng'ombe wako hawakuwa na haja ya kuamka."

Nikadhani amekwisha kuuliza. Lakini alikuwa na swali jingine, na sasa aliliuliza akitazama dirishani. "Na nikiamka, nitakuwa kiumbe gani, sina nyongo?"

"Umewahi kuchinja njiwa?"

"Wengi."

"Nyongo zao ulizitupa wapi?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, uso umekunjamana, akiwapitia njiwa wake wote mmoja mmoja. "Njiwa hana nyongo," alisema polepole, kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa.

"Hana kifuko. Ini lake linatengeneza nyongo, inateremka yenyewe. Kifuko ni ghala tu, mzee, shamba ni ini. Utapunguza mafuta, hutabeba mizigo kwa wiki sita, na mwili utazoea."

Akaomba fomu. Alipokwisha kushika kalamu akamtazama daktari kwa ukali wa zamani. "Sharti moja. Asishike kisu anayejifunza."

"Nitashika mwenyewe."

Akaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, na mstari chini yake.

Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, mimi na Nyanjige, yeye na rozari yake. Hakuwa anasali; alikuwa ameishika tu. Baada ya muda mrefu akaniambia kwa Kisukuma, "Maziwa yale nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ushauri ulikuwa wangu," nilimjibu.

Nililia pale, na sikuona haya. Ningefurahi kama angenitukana. Hakunitukana, alinisogelea tu mpaka bega lake likagusa langu, na tukakaa hivyo karibu saa mbili.

Daktari alitoka na kichupa chenye vijiwe kumi na kimoja, vya rangi ya mchanga. Alisema mgonjwa yuko salama. Kifuko kilikuwa kimeshakuwa cheusi upande mmoja, laini kama karatasi iliyolowa. Pengine kingefika kesho, pengine kisingefika.

Siku iliyofuata tuliruhusiwa kumwona. Boniventura alikuwa amelala na mshono mrefu chini ya mbavu, sauti imekauka, na swali lake alikuwa ameshamuuliza daktari kabla hatujaingia: ilipasuka? Haikupasuka, alijibiwa. Daktari alipokaribia kitanda, Boniventura aliuomba mkono wake, ule mdogo, akaushika kwa mikono yake miwili kama ashikavyo mkono wa askofu.

"Wabeja, mayu," alimwambia. Asante, mama. Sijawahi kumsikia akimwita hivyo mtu mdogo kwake.

Daktari alipotoka, Nyanjige aliketi kitandani na kikombe cha uji mwepesi. Nikataka kuondoka, lakini Boniventura alinyoosha kidole nibaki. Kisha akasema na mkewe kwa Kisukuma, taratibu, kwa sababu kila neno lilimvuta mshono.

"Nilijua."

Nyanjige akasimamisha kijiko.

"Siku ya kwanza, pale uani, niliweka vidole hapa nikajua ni nyongo. Mtu gani angejua kama si mimi? Mchango, vidonda, yote hayo nilikuwa nafurahi wakiyasema, hata mkono nikauzua mwenyewe, maana hakuna aliyetaja hiyo. Wewe ulikuwa unasema twende, na mimi nasikia. Niliogopa, Nyanjige. Niliwaona wale ng'ombe wote niliowafungua, nikaogopa."

Nyanjige aliweka kikombe chini. Halafu, mwanamke yule wa maneno machache, alianza kumsema. Alimsema habari za watoto saba, na za kila jioni aliyomshika kichwa akitapika, na za kumfanya mkewe amletee kwa mkono wake kitu kilichokuwa kinamuua, huku akijua anaumwa nini; alimsema akilia, sauti inapanda, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka. Na Boniventura, ambaye katika miaka yote niliyokaa mbele ya bucha lake hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi, alimwacha amalize zote.